Bei ya Mazao na Kazi ya Kujenga Nyumba

(Maneno yaliyosemwa katika baraza, mbele ya Machifu, Walimu na Wazee)



Habari niliyo nayo si ngeni kwenu, maana kila mmoja ameiona kwa macho yake. Lakini pengine sababu zake hazijaelezwa wazi. Katika kila wilaya kuna miaka ambayo sauti ya nyundo yasikika kila upande, na fundi mwashi hapatikani ila kwa kubembelezwa. Tena kuna miaka ambayo fundi yule yule huketi barazani kwake akingoja wa kumwita, wala haji mtu. Mikono yake ni ile ile, na ustadi wake ni ule ule. Je, kimebadilika nini? Hilo ndilo nitakalo kulieleza.

Kwanza yafaa tujue ya kuwa kujenga si kama kula. Mtu akipungukiwa na fedha hupunguza sukari katika chai, lakini hawezi kuacha kula. Nyumba si hivyo. Mwenye nyumba ya nyasi inayovuja aweza kuiezeka tena kwa nyasi mpya, akangoja mvua ya pili na ya tatu. Tena nyumba ya mawe na mabati haijengwi kwa fedha ya siku moja. Yataka akiba ya miaka, au mkopo. Kwa hiyo fedha zikipungua katika nchi, kazi ya kujenga ni miongoni mwa zile zinazosimama kwanza. Na fedha zikizidi, watu wote waliokuwa wakingoja huanza kujenga kwa wakati mmoja.

Nitawapeni mfano. Mwezi wa Julai 1975, baridi kali ilishuka usiku katika jimbo la Paraná, nchi ya Brazil, ikaunguza mibuni. Brazil ndiyo nchi inayotoa kahawa nyingi kuliko zote duniani, na mavuno yake ya 1976 hayakufika hata nusu ya mavuno ya mwaka uliotangulia. Na Angola, ambayo siku zile ilikuwa ikitoa kahawa nyingi, iliingia katika vita mwaka ule ule wa 1975. Basi ratili moja ya kahawa, ambayo mwanzo wa 1975 iliuzwa New York kwa chini ya dola 1, ilipita dola 3 mwaka wa 1977.

Mkulima wa Nyeri au Murang'a hakuihisi baridi ile, lakini aliyaona matokeo yake siku ya malipo katika chama chake cha ushirika, maana katika Kenya sehemu kubwa ya bei ile iliachwa imfikie mkulima mwenyewe. Wengi walijua kwamba bei ile haitadumu, kwa kuwa mibuni itapandwa tena. Wakatafuta mahali pa kuiweka fedha isipotee, na wengi wakaiweka katika kujenga.

Hapo pakatokea jambo la kufikiriwa sana. Watu wakitaka nguo nyingi au baiskeli nyingi, wenye maduka huagiza, na meli huleta. Lakini nyumba hailetwi kwa meli. Mawe yake huchimbwa hapa, mchanga wake huchotwa hapa, na fundi wake hukaa hapa. Wala fundi hafundishwi kwa mwezi mmoja. Kwa hiyo gharama ya kujenga ilipanda kupita gharama za vitu vingine, na waliokimbilia kujenga pamoja na wenzao walipata vyumba vichache kwa fedha nyingi.

Katika Tanzania mambo yalikuwa mengine. Baridi ya Brazil ilikuwa ile ile, na bei ya dunia ilikuwa ile ile, lakini kodi na makato yalichukua sehemu kubwa zaidi kabla fedha hazijamfikia mkulima. Baadaye, vilipokuja vita vya 1978 na 1979 na uhaba wa bidhaa uliofuata, saruji na mabati vikawa vitu vya kutafutwa kwa shida, hata mwenye fedha mkononi akarudi nyumbani mikono mitupu. Twaona basi ya kuwa haja ya nyumba peke yake haimpi fundi kazi. Watu walihitaji nyumba siku zote. Kazi huja pale haja inapokutana na fedha, na fedha inapokutana na vifaa.

Maji hujaa, maji hupwa. Mwezi wa Julai 1989 mapatano ya mataifa yaliyogawa mafungu ya kuuza kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka sana. Ilipofika 2001 ratili moja haikufikisha hata nusu dola. Kenya, iliyovuna karibu tani 130,000 katika msimu wa 1987/88, ilifika wakati wa kuvuna kama tani 50,000 tu. Zama kama hizo ndizo tunazoziona kuta zimefika usawa wa madirisha zikasimama, na majani yakaota ndani ya vyumba. Na ajabu ni hii: upande wa Kiambu na Ruiru, mashamba makubwa ya kahawa yalikatwa viwanja, na pale palipokuwa na mibuni pakasimama nyumba za watu wafanyao kazi Nairobi. Kazi ya kujenga haikufa. Ilihamia mahali zilipo fedha.

Jambo la pili ni riba. Katika mfano ule wa kahawa bei ya zao ndiyo iliyosukuma. Lakini siku hizi wengi hujenga kwa mkopo, nao hutazama benki kama mkulima atazamavyo mawingu. Katika Kenya, Benki Kuu iliipandisha riba yake kutoka chini ya 6 kwa mia mwanzoni mwa 2011 hata 18 kwa mia mwezi wa Desemba mwaka ule ule, ili kuzuia bei za vitu na kuitegemeza shilingi. Mabenki mengi yakawadai wakopaji 20 kwa mia na zaidi. Aliyepiga hesabu yake Januari aliona Desemba kwamba hesabu ile haifai tena. Wala si kwetu tu. Katika Marekani, nyumba zilizoanzwa kujengwa mwaka 2005 zilipita milioni 2; mwaka 2009, baada ya mikopo mibaya kuharibika, hazikufika 600,000. Waashi na maseremala wengi sana wakakosa kazi, ingawa hakuna aliyesema kwamba ustadi wao umepungua.

Mtu aweza kuuliza, "Bei ya dunia hatuiwezi, na riba hatuipangi sisi. Basi tufanyeje?" Ni kweli, lakini yapo manne yaliyo mikononi mwetu.

La kwanza, kamati za shule zisingoje mwaka wa neema ndipo zichange na kujenga pamoja na watu wote. Zichange mwaka wa neema, ziweke akiba, na zijenge mwaka ambao mafundi hawana kazi. Darasa litapatikana kwa gharama ndogo, na fundi atapata chakula cha watoto wake.

La pili, mwenye kujenga kidogo kidogo anunue mapema vitu visivyoharibika, kama mawe na mabati. Lakini saruji asiiweke muda mrefu, maana huvuta unyevu ikaganda katika mfuko, na fedha yake imepotea.

La tatu, anayekopa na aulize kwanza kama riba yaweza kupandishwa, kisha apige hesabu kwa bei ya mwaka mbaya, si kwa bei ya mwaka mzuri. Akiona kwamba hata mwaka mbaya ataweza kulipa, na akope. Asipoona hivyo, chumba kimoja chenye paa ni bora kuliko vinne visivyo na paa.

La nne ni la mafundi. Fundi asilitupe shamba lake wakati kazi ni nyingi. Siku kazi zitakapopungua, ndilo litakalomlisha.

Wazee wangu, shule yenye kuta bila paa haimfundishi mtoto mvua inaponyesha, naye mtoto hangoji bei ya kahawa ipande ndipo akue. Miaka yake ya kusoma ikipita imepita. Kwa hiyo nawaombeni, mtakaporudi makwenu, mwulize katika kila kamati: fedha za mwaka mzuri zimewekwa wapi?