Fidla ya Pili: Urithi wa Ukoo wa Balfa



Karibu na mji wa Mamou, Louisiana, kusini mwa Marekani, aliishi mkulima aitwaye Charles Balfa. Mchana alilima shamba la mtu kwa kugawana mavuno. Jioni alishika fidla, kama baba yake alivyofanya. Wanawe Will, Dewey, Harry na Rodney walikua wakiisikia kabla hawajajua kuisimamisha begani.

Jumamosi ikifika, nyumba moja kijijini iligeuka ukumbi. Samani zilitolewa nje, watoto wakalazwa chumba cha ndani. Jina mojawapo la dansi hizo, fais do-do, ni maneno ya Kifaransa ya kumbembeleza mtoto alale. Kipaza sauti hakikuwepo. Fidla mbili zilishindana na vishindo vya miguu. Ya kwanza ilibeba wimbo. Ya pili ilishuka kwenye nyuzi nene, upinde ukienda kwa mapigo mafupi, ikiwashikia wachezaji mwendo wa walsi. Sisi tuliolelewa na taarabu tumezoea fidla kadhaa kuufuata wimbo mmoja, kila mpigaji na madoido yake. Kwa akina Balfa mmoja aliuacha wimbo kabisa ili mwenzake ausimamishe. Aliyeuacha alikuwa Will, kaka mkubwa. Aliyeusimamisha alikuwa Dewey, mdogo wake. Mimi kila ninaposikiliza rekodi zao sikio langu humfuata Will.

Wahenga wa jamii yao, Waakadia waliosema Kifaransa, walifukuzwa na Waingereza kutoka Nova Scotia kuanzia mwaka 1755. Louisiana nayo, kwa katiba ya 1921, iliamuru shule zifundishe kwa Kiingereza, na mtoto aliyeponyokwa na Kifaransa uwanjani aliadhibiwa. Wengi wenu mnakikumbuka kile kibao alichovishwa shingoni mtoto aliyenaswa shuleni akisema lugha ya nyumbani. Sina haja ya kueleza zaidi. Aibu ya lugha ikauambukiza muziki, hata vijana wakaona haya kusikika wakiupiga.

Mwaka 1964 Dewey alialikwa kwenye tamasha la muziki wa jadi la Newport, mbali kaskazini mwa Marekani, kujaza nafasi ya mpiga gitaa. Mhariri wa gazeti la kwao alikejeli safari hiyo: nani atalipa kusikiliza kelele zile? Dewey alikuwa hajapata kupigia watu zaidi ya mia chache. Kule, kwa hesabu yake mwenyewe, walikuwepo 17,000, na walisimama kushangilia. Akarudi nyumbani na azma moja: makofi yale yasikike Louisiana. Ndugu wakarekodi. Tarehe 26 Machi 1974, mjini Lafayette, watu wa kwao walifurika kwenye tamasha la kuwaenzi wanamuziki wao, mvua ikinyesha nje.

Miaka yote hiyo Dewey aliendesha basi la shule na kuuza samani. Kisha, Februari 1979, Will na Rodney wakafa katika ajali ya gari. Mwaka uliofuata Dewey alifiwa na mkewe. Fidla ya kwanza ilibaki bila ya pili.

Dewey hakuifungia ndani. Aliipeleka madarasani, akakaa na watoto wa shule, akawafundisha vijana wasio wanawe, kama Steve Riley, ambaye baadaye alikuja kuongoza bendi yake mwenyewe. Alipofariki Juni 1992, binti yake Christine aliunda kundi na kuliita Balfa Toujours, yaani Balfa Daima. Kwangu mimi, ukoo huu uliokoka siku Dewey alipomkabidhi fidla mtoto wa mwingine.

Ombi langu kwa chuo chetu ni moja. Wazee wetu wa muziki, hawa waliokaa safu ya mbele, waingie madarasani mwetu kama walimu, walipwe kama walimu, wala wasidaiwe vyeti. Na mwanafunzi aanze na fidla ya pili.