LORI LIKIWA JUU YA MAGOGO, BIMA TUIFANYEJE?

(Mazungumzo ya Mweka Hazina mbele ya mkutano wa wanachama. Yamenakiliwa kwa ajili ya waliokuwa mashambani siku ile. Ukimaliza kusoma, msomee na jirani.)



Swali mlilouliza mkutano uliopita ni hili. Lori letu halitembei tangu mwezi wa pili. Linangoja giaboksi, lipo yadini nyuma ya ghala, juu ya magogo. Bima yake kubwa inakwisha tarehe 30 mwezi wa sita. Je, tulipe tena ya mwaka mzima, au tuache? Wengine wanasema tulipe, sheria ni sheria. Wengine wanasema kulipia gari lililolala ni kuweka mlinzi kwenye shamba lisilo na korosho. Kila upande una ukweli wake. Basi tuchambue.

KWANZA: SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakataza mtu kutumia gari barabarani, au kumruhusu mwenzake alitumie, bila bima ya kuwalinda watu wengine. Hiyo ndiyo tunayoiita bima ndogo. Neno la kushika hapo ni "barabarani". Lori lililofungiwa ndani ya yadi, halina giaboksi, halitumiki barabarani. Lakini lori linaloegeshwa chini ya mwembe kando ya njia ya Newala, watu wakapita na watoto wakacheza, hilo msiseme limelala. Likimuumiza mtu, mtaulizwa bima iko wapi.

PILI: BIMA SI ADA YA BARABARA

Hapa wengi tunachanganya. Zamani kila gari lililipiwa ada ya leseni kila mwaka. Ada hiyo ya mwaka ilifutwa katika bajeti ya 2017, na badala yake ikaongezwa shilingi 40 katika kila lita ya mafuta. Kwa hiyo gari lisilonunua dizeli halichangii fedha hiyo. Linalala na malipo yanalala.

Bima haiendi hivyo. Bima inahesabu siku, haihesabu safari. Hata lori lisisogee hatua moja, siku zinakwisha na fedha zimekwenda. Ndiyo maana lazima sisi wenyewe tuseme kwa kampuni, tena kwa maandishi, kwamba gari limesimama. Uingereza wameliweka jambo hili katika sheria: tangu 2011 mwenye gari ama awe na bima, ama aitangazie serikali kwamba gari lake halipo barabarani. Sisi hatuna utaratibu kama huo, lakini fundisho ni lile lile: kunyamaza hakumpunguzii mtu malipo.

TATU: HESABU YENYEWE

Chukueni mfano, namba ni za kufundishia tu. Tuseme bima kubwa ya mwaka ni shilingi 1,200,000. Mtu atasema: mwezi mmoja ni 100,000, basi tukiivunja baada ya miezi 6 turudishiwe 600,000. Sivyo! Mwenye bima akiivunja mwenyewe, kampuni hutumia jedwali la muda mfupi. Miezi ya mwanzo inahesabiwa ghali kuliko ya mwisho. Inaweza kukata 900,000 na kuturudishia 300,000. Na kama mwaka huo tulishadai fidia, huenda tusipate kitu.

Maana yake ni nini? Kuvunja bima katikati ya mwaka kunaokoa kidogo. Nafasi yetu kubwa ni siku bima inapokwisha yenyewe. Hapo hatuvunji kitu, hatukatwi kitu. Na siku hiyo kwetu ni tarehe 30.

Sasa tazameni kalenda ya lori letu. Korosho zinaanza kuokotwa mwezi wa kumi, na kazi inaendelea hadi mwezi wa kwanza. Salfa ya mwaka huu tumeshaileta kwa gari la kukodi. Fundi anasema giaboksi itafungwa mwezi wa tisa. Tukilipa mwaka mzima tarehe 30, miezi ya saba, ya nane na ya tisa tunalipia magogo. Tukianza bima mpya siku lori linapotoka, miezi hiyo mitatu inabaki mfukoni mwa ushirika.

NNE: LAKINI TUSIACHE LORI UCHI

Ndugu zangu, gari lililosimama haligongi mtu, lakini linaungua na linaibiwa. Miezi hiyo ndiyo ya kiangazi. Watu wanasafisha mashamba kwa moto, upepo unavuma, na yadi yetu imezungukwa na majani makavu. Betri na matairi nayo yana miguu usiku.

Kwa hiyo Kamati inashauri tuandike barua kwa kampuni, yenye muhuri, tukiuliza mambo matatu. Je, wanakubali kutubakizia kinga ya moto na wizi peke yake, kwa malipo madogo, mpaka lori litoke? Je, punguzo letu la kutodai fidia litabaki tukikaa miezi mitatu bila bima kubwa? Je, wana bima ya miezi michache, na bei yake ni ngapi? Si kila kampuni inakubali, na jibu la mdomo la wakala tusilipokee. Tupate karatasi.

Wazee mnakumbuka enzi za Shirika la Bima la Taifa peke yake, tangu 1967. Sheria ya 1996 iliruhusu kampuni nyingine, kwa hiyo tuulize bei Masasi na Mtwara pia. Kwenye bima ndogo hatutapata nafuu kubwa, maana kiwango cha chini kinawekwa na Mamlaka ya Bima, TIRA. Nafuu ipo kwenye bima kubwa, ambayo hupigwa kwa thamani ya gari. Lori limechakaa, tusiandike thamani ya lilipokuwa jipya. Likiungua, kampuni italipa bei ya sokoni ya siku ile, haitalipa ndoto zetu.

TANO: UFUNGUO

Hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Lori likishapona, kabla bima haijalipwa, atakuja mtu kusema: kuna mgonjwa wa kupeleka Ndanda, kuna msiba, kuna maji ya kufuata bondeni. Sote tuna huruma. Lakini safari moja bila bima, breki zikikataa kwenye mteremko na mtu akafa, fidia itatoka kwa ushirika huu huu. Akiba ya miezi mitatu haitafaa kitu. Itauzwa hata mizani.

Hata safari ya kulijaribu, hata kulivuta kwa kamba kwenda gereji, ni barabarani. Bima kwanza, geti baadaye. Na polisi siku hizi hadanganywi kwa stika ya kuazima, maana bima inaangaliwa kwenye mtandao kwa namba ya gari.

Basi Kamati inaomba mkutano ukubali haya:

1. Bima kubwa isilipwe tarehe 30, ilipwe siku lori linapotoka.
2. Barua ya moto na wizi ipelekwe wiki hii, nakala ibandikwe hapa ukutani.
3. Majani yafyekwe hatua 10 kuzunguka yadi. Betri ihifadhiwe ghalani.
4. Ufunguo ukae kwa Mwenyekiti, na asiutoe mpaka aione risiti ya bima, hata akiombwa na mimi.

Mwenye maoni ayalete ofisini kabla ya tarehe 20.

Ushirika ni nguvu.