Lugha ya Kigeni na Kipato cha Mfanyakazi: Kiitaliano cha Malindi na Watamu

Aghalabu hudaiwa kwamba lugha ya kigeni ni mtaji, na kwamba anayeijua hulipwa zaidi. Dai hili lina ukweli, lakini halisemi ni nani anayelipa, wala analipia nini.

Malindi na Watamu, katika pwani ya Kenya, ni mfano mwafaka. Waitaliano wamejulikana huko tangu miaka ya 1960, kilipoanzishwa kituo cha San Marco karibu na Ngomeni. Setilaiti ya kwanza ilirushwa kutoka huko mwaka 1967. Baadaye zikaja hoteli, mikahawa na nyumba za likizo. Wahudumu, wapishi, mabaharia na wachuuzi wa vinyago wakajifunza Kiitaliano kwa masikio, wengi wao bila kuingia darasani.

Kiingereza, lugha rasmi ya nchi, kila aliyepita shuleni anacho kwa kiasi fulani. Kwa hiyo hakimtofautishi mtu sana na mwenzake. Kiitaliano humtofautisha. Wahudumu wawili wa hoteli moja waweza kuwa na mshahara sawa, ilhali yule anayemweleza mgeni samaki alivyopikwa, na kumuuliza hali ya mama yake aliyebaki nyumbani, ndiye apataye bahashishi, ndiye apewaye kamisheni ya safari ya baharini, na ndiye atakayeulizwa kwa jina mwaka ujao. Anayelipa hapa ni mgeni, si mwajiri. Mtafiti atakayekagua hati za mishahara peke yake atahitimisha kuwa lugha haina faida yoyote! Naye atakayehesabu kipato chote asisahau kwamba yamkini wanaojifunza lugha upesi ni wale wachangamfu, ambao wangepata zaidi hata kwa lugha nyingine.

Mtaji huu hutegemea soko moja. Baada ya ghasia za uchaguzi wa mwishoni mwa 2007 watalii walipungua sana. Mwaka 2020, safari za ndege za abiria kutoka nje zilisitishwa kuanzia mwezi Machi hadi mwisho wa Julai. Msamiati wa wahudumu haukupungua hata neno moja, ila hapakuwa na wa kuulipia. Aliyeamua kutafuta kazi Nairobi au nchi za Ghuba aliulizwa Kiingereza, na pengine cheti. Kiitaliano chake cha ufuoni, hata kama ni fasaha, hakikuwa kimeandikwa popote.