Kuhakiki Spidi Mita ya Pikipiki kwa GPS
Mada kwa viongozi wa vijiwe vya bodaboda na mafundi pikipiki, Morogoro

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa vijiwe, mafundi, na ninyi maafisa usafirishaji mlioacha abiria asubuhi hii mkaja kukaa kwenye viti vya plastiki,

Mada niliyopewa inaweza kuonekana ya anasa. Pikipiki zinazopita hapo Msamvu zikiwa na spidi mita iliyokufa si chache. Waya umekatika siku nyingi, au umechomolewa makusudi ili siku ya kuuza chombo kionekane hakijatembea. Mwenye pikipiki ya namna hiyo hana cha kuhakiki. Aanze kwa kununua waya.

Ninazungumza zaidi na yule ambaye mshale wake unapanda na kushuka, naye anauamini. Mshale huo ni nadra kusema mwendo halisi, ila tofauti yake inaweza kujulikana kwa simu aliyonayo mfukoni, na kila pikipiki ina tofauti yake. Mshale unaozidisha si wa kutisha. Wa kuogopwa ni ule unaopunguza, na huo mara nyingi tunautengeneza wenyewe gereji.

Kwa nini kiwanda kinazidisha

Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu spidi mita, inasema chombo kisionyeshe kamwe mwendo mdogo kuliko ule halisi. Kuzidisha kunaruhusiwa. Kwa pikipiki, mshale unaweza kuzidi kwa asilimia 10 ya mwendo halisi na bado ukaongezewa kilomita 8 kwa saa. Ukiwa unatembea 50 kamili, basi, mshale unaweza kusimama popote kati ya 50 na 63, na kiwanda kikawa hakijavunja kanuni. Ukiwa 80, unaweza kusoma hadi 96. Gari dogo limebanwa zaidi.

Mhandisi wa kiwandani hajui utafunga tairi gani wala utajaza upepo kiasi gani. Akiulenga mshale kwenye mwendo halisi barabara, nusu ya pikipiki zake zitasoma chini na atakuwa matatani. Kwa hiyo anauinua mapema. Ndiyo maana hata pikipiki mpya kutoka dukani, ukiipima, huwa inajisifu kidogo.

Mshale unavyosukumwa

Kwenye pikipiki nyingi za biashara tunazozijua, waya unatoka kwenye kijigia kilicho kwenye habu ya gurudumu la mbele, unapanda hadi kichwa cha spidi mita na kuzungusha sumaku ndogo. Sumaku hiyo haigusani na mshale. Imezungukwa na kikombe cha alumini, na inapozunguka inazalisha ndani ya kikombe mkondo wa umeme unaokivuta kifuate. Kikombe kinataka kuzunguka, springi nyembamba kama unywele inakizuia, na pale nguvu mbili zinapolingana ndipo mshale unaposimama. Mjerumani Otto Schulze alipata hataza ya ufundi huu mwaka 1902, na ungali unafanya kazi vilevile.

Mafundi mtaona mara moja uchakavu unaingilia wapi. Springi ikilegea, mshale unapanda kupita kiasi. Sumaku ikidhoofika, unashuka. Grisi nayo ina lake: fundi anayepaka waya mzima hadi juu kwa nia njema anasababisha grisi ipande mpaka ndani ya kichwa, ishikane na kikombe, na mshale uanze kusoma mambo ya ajabu. Paka sehemu ya chini, juu pabaki pakavu. Na mshale unaorukaruka ujue ni waya mkavu au uliopindwa vibaya kwenye kona. Huo usiupime kabla hujaurekebisha.

Kitu kimoja kinachochanganya wengi ni namba za kilomita zilizotembewa. Hizo zinaendeshwa na meno ya gia, hazihusiani na springi wala sumaku. Mshale unaweza kuzidisha kwa asilimia 8 wakati kihesabu kilomita kiko sawa kabisa. Kwa hiyo ukigundua mshale unadanganya, usikimbilie kusema hata ratiba yako ya kubadilisha oili ina kasoro. Kihesabu kipimwe peke yake, kwa nguzo za kilomita zilizoko kando ya barabara kuu.

Tairi, hapo ndipo penye kazi

Spidi mita haijui mwendo. Inajua gurudumu limezunguka mara ngapi, halafu inaamini kwamba kila mzunguko ni urefu uleule uliokadiriwa kiwandani. Tairi la 2.75-17 lina mzunguko wa karibu mita 1.80. La 3.00-17 lina karibu 1.83. Ukitoka la kwanza kwenda la pili, kila mzunguko unakwenda mbali zaidi kwa takriban asilimia 2 bila mshale kujua. Hilo ni dogo. Lakini anayebadilisha gurudumu zima la mbele, rimu ya 17 kwa rimu ya 18, huku kijigia cha habu kikibaki cha zamani, ameongeza karibu asilimia 4 au zaidi kufuatana na tairi alilofunga. Tairi likiwa kipara mambo yanageuka. Likipoteza milimita 5 za kashata, gurudumu linakuwa dogo kwa zaidi ya asilimia 1 na nusu, na mshale unazidisha. Upepo mdogo nao unavuta upande huohuo.

Kwenye pikipiki zenye sensa karibu na gia boksi, tairi la mbele halina neno. Huko cha kuangalia ni tairi la nyuma na sproketi. Mtu akitoa sproketi ya mbele ya meno 14 akafunga ya 15 ili chombo "kivute" kwenye tambarare, kwa kila mzunguko wa sproketi hiyo pikipiki inakwenda mbali zaidi kwa asilimia 7. Kama dashibodi ilikuwa sahihi, sasa ikisema 60, lami inasema 64. Kama kiwanda kilikuwa kimeinua mshale kwa asilimia 5 tu, akiba yote imeliwa na dereva sasa anatembea zaidi ya anavyosoma. Huyu ndiye ninayemwogopa.

GPS inajuaje?

Setilaiti za GPS zinazunguka kwenye kimo cha takriban kilomita 20,200. Simu inapokea mawimbi yao, na inapokuwa katika mwendo mawimbi hayo yanaifikia yakiwa yamebadilika kidogo, jinsi sauti ya honi ya basi inavyobadilika linapokupita. Kutokana na badiliko hilo vipokezi vingi vinakokotoa mwendo moja kwa moja, bila kujali tairi wala waya. Mahali palipo wazi, ukiwa kwenye mwendo usiobadilika, kosa huwa chini ya kilomita 1 kwa saa. Zamani Marekani ilikuwa ikivuruga makusudi mawimbi ya raia. Ilikoma tarehe 2 Mei 2000.

Hofu ya bando haina msingi. GPS haitumii intaneti. Ramani ndiyo inayotumia. Programu ya kuonyesha mwendo, ukishaipakua, inafanya kazi hata bando likiwa limeisha, ila simu inaweza kuchukua dakika kadhaa kuzipata setilaiti.

Jinsi ya kupima

Tafuta kipande kilichonyooka na kisicho na msongamano, kwa mfano kwenye barabara ya Dodoma kuelekea Dakawa asubuhi mapema. Katikati ya maghorofa au chini ya miti iliyofungamana usipime, kwani mawimbi yanagonga kuta na kukupa namba za uongo. Jaza upepo kwa kiwango cha kitabu kwanza.

Muwe wawili. Dereva anaangalia barabara na mshale. Abiria anashika simu na ndiye anayeandika. Dereva anayeendesha huku ameinamia simu anapima kitu kingine kabisa. Dereva ashikilie mshale kwenye 40 kwa sekunde kumi hivi, kwa sababu simu huchelewa kidogo kufuata mwendo unaobadilika, kisha aseme "sasa", na abiria asome. Rudieni, halafu 50, halafu 60. Abiria asijaribu kuusoma mshale kwa pembeni, maana ukitazamwa kutoka upande unaonekana uko kwingine. Wapo watakaokwambia lazima upime kwenda na kurudi kwa sababu ya upepo. Upepo unasumbua injini, hausumbui kipimo.

Asiye na simu ya namna hiyo anazo nguzo za kilomita na saa ya mkononi. Kilomita moja kwa 60 halisi ni sekunde 60, kwa 50 ni sekunde 72. Ukishikilia mshale kwenye 60 na ikakuchukua sekunde 66, ulikuwa unatembea kama 54 na nusu.

Namba ukishaipata

Iandike kwenye stika ndogo na uibandike pembeni ya dashibodi: "50 = 46". Basi. Atakayeiendesha kesho, awe deiwaka au mdogo wako, ataijua. Ukibadilisha tairi, rimu, sproketi au kichwa cha spidi mita, stika hiyo imekufa, pima upya.

Najua kuna atakayeona mshale 80 na simu 72, akasema kumbe ana akiba ya 8. Nishati ya mgongano inakua kwa mraba wa mwendo: kutoka 50 hadi 60 halisi ni ongezeko la asilimia 44. Kiwango cha 50 kwenye makazi kinahusu mwendo halisi, na tochi ya trafiki inasoma huohuo. Ukikamatwa, usitegemee picha ya skrini ya simu kukuokoa. Hakuna aliyeihakiki simu yako.

Mafundi, ombi langu la mwisho ni kwenu. Mteja akikuletea rimu ya 18 uifunge penye 17, au sproketi ya mbele yenye meno mengi zaidi kwa pikipiki ya sensa, mfungie kama ameng'ang'ania, lakini kabla hajawasha pikipiki mwambie kwamba kuanzia sasa mshale wake unasoma chini kuliko mwanzo, na kwa kiasi gani.