Maktaba Iliyo Karibu: Maneno kwa Wakazi wa Matete



Jioni ikiingia, mtoto wa sekondari hurudi nyumbani, akateka maji, akafunga ng'ombe, kisha akatafuta mahali pa kusomea. Meza ni moja, na inangoja chakula. Taa ni moja, na wadogo zake wanaihitaji. Kitabu anachokitaka kimebaki shuleni. Mtoto huyo si mvivu. Amekosa kiti, mwanga na kitabu mahali pamoja kwa wakati mmoja. Maktaba ya umma huvileta vitu hivyo vitatu chini ya paa moja, kwa mtoto wa mwenye nacho na wa asiye nacho.

Lakini maktaba si ya wanafunzi peke yao. Kijana aliyemaliza KCSE huomba nafasi ya chuo kupitia KUCCPS, huomba mkopo wa HELB, na hutafuta stakabadhi za serikali kwenye eCitizen. Yote hayo hufanyika kwa intaneti. Asiye na simu nzuri huenda saiba, akalipa, na akikosea hulipa tena. Maktaba yenye kompyuta na mhudumu wa kumwelekeza humpunguzia gharama hiyo, na pia aibu ya kuuliza.

Mkulima naye ana haja yake. Viwavijeshi vamizi vilipoingia nchini mwaka 2017, mahindi ya magharibi yaliliwa wakati wakulima wengi hawajui ni mdudu gani. Waliowahi kupata maelezo walijua kukagua katikati ya majani machanga mapema, kabla kiwavi hajajificha ndani. Shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, lina kituo Kakamega. Matokeo ya utafiti humfaa mkulima yakimfikia, na rafu ya maktaba, pamoja na siku moja ya afisa wa kilimo kuketi pale na kujibu maswali, ni njia mojawapo ya kuyafikisha.

Kuna pia hazina isiyonunuliwa dukani. Habari za vita vya Chetambe vya mwaka 1895, methali za Lutachoni na Lukabras, majina ya koo na mipaka ya zamani, vyote vimo vichwani mwa wazee. Mzee akifariki bila kuandikwa wala kurekodiwa, hazina hiyo huenda naye. Maktaba ya mahali inaweza kuyahifadhi maneno hayo ili mjukuu ayakute.

Zamani maktaba haikuwa ya kila mtu. Maktaba ya McMillan, Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Baada ya uhuru, Bunge lilipitisha sheria mwaka 1965 ya kuunda huduma ya maktaba ya taifa, KNLS, ili vitabu viwafikie wananchi wote. Maktaba ya umma ipo Kakamega mjini. Hata hivyo, kutoka Lwandeti safari hiyo ni nauli na muda, na mtoto hawezi kuifunga kila jioni.

Umbali huo umewahi kutatuliwa kwingine. Mwaka 1996, kule Garissa, KNLS ilianza kupeleka vitabu kwa jamii za wafugaji juu ya migongo ya ngamia. Msomaji asiyefika maktabani alifuatwa na maktaba. Matete haihitaji ngamia. Sanduku la vitabu linaweza kubebwa kwa bodaboda hadi ukumbi wa kanisa, msikiti au shule, likabadilishwa kila mwezi.

Jambo la kukumbukwa zaidi ni hili: Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inataja maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Kwa hiyo mkazi anayedai maktaba haombi msaada. Anauliza juu ya kazi iliyokwisha kugawiwa na sheria, na kalenda yake inajulikana. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Taarifa ya mikakati ya fedha hufuata kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Anayelalamika mwezi wa Julai amechelewa mwaka mzima.

Tena, ombi lenyewe likamilike. Wanaoomba jengo peke yake hupata jengo peke yake: kuta, rangi mpya na kufuli. Maktaba huishi kwa mshahara wa mhudumu, vitabu vipya, umeme na saa za kufungua zinazomfaa anayetoka shuleni jioni. Hayo hulipwa kwa fedha za matumizi ya kila mwaka, si za ujenzi. Mkutano wa ushirikishaji wa umma ukiitishwa katika wadi, mzazi asimame aulize mambo mawili: maktaba itajengwa wapi, na nani atalipwa kuifungua?

Kabla ya hapo, kila kijiji kinaweza kuanza. Shule inaweza kuacha darasa moja wazi hadi saa moja jioni. Mwalimu mstaafu anaweza kulisimamia. Familia yenye vitabu vya kidato ambavyo mtoto wake amevimaliza inaweza kuvitoa kabla mchwa hawajavila. Kikundi cha akina mama kinaweza kutunza daftari la wanaoazima.

Haba na haba hujaza kibaba. Daftari hilo, lenye majina ya wasomaji wa miezi sita, likiwekwa mezani siku ya bajeti, litakuwa ushahidi kwamba maktaba ya Matete tayari ina watu, na inangoja mlango.