Dawa na Wenyewe: Uyoga wa Huautla, Mzizi wa Gabon na Deni la Sayansi



 Mada yangu ni mimea na uyoga wa maono, yaani ule ambao mtu akiula huona, husikia na kuhisi mambo yasiyo ya kila siku. Katika vyuo vyetu mada hii imekaa muda mrefu ndani ya somo la sumu na dawa za kulevya, ikafungiwa humo. Wakati huohuo majarida makubwa ya tiba duniani yanachapisha matokeo yake kwa wagonjwa wa sonona na wa uraibu, na makampuni yanawania hataza.

Nitasimama katika mahali pawili tu: milimani Mexico, kwa Wamazateki na uyoga wao, na katika misitu ya Gabon, kwa wenye mzizi wa iboga. Hoja yangu ni moja. Dawa hizi hazijawahi kuwa kemikali peke yake. Namna ya kuzitoa, nani azitoe, kwa nani, na nani akeshe na mgonjwa, yote hayo ni sehemu ya dawa. Ni elimu iliyojaribiwa kwa vizazi, na ina wenyewe. Sayansi inayochukua kemikali na kuiacha elimu hiyo hupata nusu ya dawa, na hubaki na deni zima.

1. Kesha la Huautla

Huautla de Jiménez ni mji wa milimani katika jimbo la Oaxaca, kusini mwa Mexico. Huko uyoga wa maono haukuwa starehe. Mtu alipougua na chanzo kisijulikane, familia ilimwendea mwenye elimu. Walikutana usiku nyumbani, mbele ya madhabahu ndogo, wakawasha mishumaa na kufukiza kopali. Mganga alikula uyoga, akaimba hadi alfajiri akikitafuta chanzo cha ugonjwa. Angalieni mgawanyo wa kazi: mganga ndiye hasa aliyepaswa kuona. Mgonjwa aliweza kula pamoja naye, au asile kabisa.

Elimu hiyo ni ya kale. Katika karne ya 16 padre Bernardino de Sahagún aliandika habari za uyoga ulioliwa na Waazteki. Kanisa la wakoloni liliupiga vita kama kazi ya shetani. Wenyewe wakauhifadhi milimani kwa karne nne, wakiuombea kwa majina ya watakatifu wa Kikatoliki.

Usiku wa tarehe 29 Juni 1955 R. Gordon Wasson alikaribishwa katika kesha la mganga María Sabina. Wasson alikuwa makamu wa rais katika benki ya J.P. Morgan ya New York, na kwa miaka mingi yeye na mkewe, daktari Valentina Pavlovna, walikuwa wakichunguza nafasi ya uyoga katika mila za watu. María Sabina alikubali kwa sababu aliyemwombea mgeni huyo alikuwa Cayetano García, ofisa wa serikali ya mji, na hakuona jinsi ya kumkatalia. Tarehe 13 Mei 1957 jarida la Life la Marekani likachapisha simulizi ya Wasson pamoja na picha. Jina la mganga lilibadilishwa, lakini haukupita muda mrefu watu wakaujua mji na wakamjua yeye.

Katika miaka ya 1960 wageni walimiminika Huautla wakitaka maono bila kuwa na ugonjwa wowote. Polisi walimsumbua María Sabina, nyumba yake ikachomwa moto, na watu wa mji wake wakamlaumu. Alimweleza Álvaro Estrada, Mmazateki aliyeandika maisha yake, kwamba tangu wageni waje uyoga ulikuwa umepungukiwa na nguvu. Alifariki mwaka 1985 katika umaskini. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huautla mgeni alikuja, na mwenyeji akaumia.

2. Kilichoonekana maabarani

Uyoga ule ulipelekwa Ulaya. Mtaalamu wa uyoga Roger Heim aliuotesha Paris, na mwaka 1958 Albert Hofmann wa kampuni ya Sandoz mjini Basel, Uswisi, akatenga kemikali yake kuu na kuiita silosibini. Mwaka 1962 Hofmann alisafiri hadi Huautla akamkabidhi María Sabina vidonge vya silosibini. Mganga alivitumia katika kesha, kisha akasema vina nguvu ileile ya uyoga.

Tukio hilo nalipa uzito kuliko linavyopewa na vitabu vyetu vya famakolojia. Mkemia wa Basel alikuwa na mizani na vipimo vyote, lakini kwa swali la iwapo dawa yake ndiyo dawa yenyewe, alimwendea anayejua. Huo ni uthibitisho wa kisayansi, na mthibitishaji alikuwa mwanamke asiyejua kusoma.

Leo tunajua zaidi. Mwilini silosibini hugeuka kuwa silosini, inayofanana kwa umbo na serotonini, mojawapo ya kemikali ambazo seli za ubongo hupashana habari kwazo. Silosini hushika kipokezi kiitwacho 5-HT2A, ambacho kimejaa katika gamba la ubongo. Picha za ubongo zinaonyesha kwamba mtandao unaofanya kazi zaidi mtu anapojiwazia mwenyewe hulegea kwa muda, na sehemu ambazo kwa kawaida haziwasiliani sana huanza kuwasiliana. Hali hiyo hudumu takriban saa 4 hadi 6.

Sheria ya Marekani ya 1970 na Mkataba wa Vienna wa 1971 ziliiweka silosibini katika kundi lenye masharti makali kuliko yote, na utafiti kwa binadamu ukakaribia kufa. Uhai ulirudi hasa mwaka 2006, kwa kazi ya Roland Griffiths na wenzake katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Mwaka 2022 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio la wagonjwa 233 wa sonona sugu waliopewa dozi moja tu. Baada ya wiki 3, asilimia 37 ya waliopewa miligramu 25 walikuwa wamepata nafuu kubwa, ikilinganishwa na asilimia 18 ya waliopewa miligramu 1. Walioidumisha nafuu hiyo hadi wiki ya 12 walikuwa asilimia 20 na asilimia 10. Baadhi ya washiriki walipatwa na mawazo ya kujiua. Hii ni nafuu ya kweli, na ina mipaka. Atakayewaambia kwamba ni muujiza anawadanganya, na atakayewaambia kwamba ni upuuzi hajasoma.

Sasa tazameni jinsi majaribio haya yanavyoendeshwa. Kabla ya dozi mgonjwa huandaliwa kwa mazungumzo. Siku yenyewe hulala katika chumba tulivu, macho yamefunikwa, muziki uliochaguliwa ukipigwa, na waangalizi hawaondoki mpaka dawa iishe. Siku zinazofuata huzungumza nao kuhusu aliyoyaona. Sisemi kwamba yote hayo yamenakiliwa kutoka Huautla. Nasema kwamba madaktari, kwa njia yao, wamefika kwenye mahitaji yaleyale: mwongozaji mzoefu, sauti isiyokatika, na muda wa kutosha.

Kilichobaki nje ya mlango ni jamaa. Huautla familia ilikesha pamoja na mgonjwa na kusikia kila kilichosemwa. Mgonjwa wa hospitali hurudi kwa watu wasiojua alikopita. Ninapoona asilimia 37 ya wiki ya tatu na asilimia 20 ya wiki ya 12, najiuliza kama sehemu ya tofauti hiyo haiko hapo. Ni swali linalopimika, na wanafunzi wangu wa uzamili nawaomba walichukue.

3. Mzizi wa Gabon

Tugeuke Afrika. Iboga, kwa jina la kitaalamu Tabernanthe iboga, ni kichaka cha kivulini katika misitu ya Gabon na nchi jirani. Dawa iko katika gome la mzizi. Wawindaji hutafuna kidogo ili wasilale. Katika Bwiti, dini na chuo cha maisha cha Wamitsogo, Wafang na wengineo, anayeingizwa hula kwa wingi, usiku kucha na pengine zaidi, ili akutane na mizimu ya wazee wake na kuyatazama maisha yake. Nganga humsimamia, walezi humshika, na kinubi cha nyuzi nane kiitwacho ngombi humwongoza. Walezi humchunguza mwili wakati wote, wakijua alikofika na lini gome lisiongezwe.

Kemikali yake, ibogaini, ilitengwa Ufaransa mwaka 1901. Kuanzia 1939 vidonge vya Lambarène vyenye ibogaini kidogo viliuzwa huko kama dawa ya kuondoa uchovu. Mwaka 1962 kijana wa New York, Howard Lotsof, mraibu wa heroini, aliimeza kwa udadisi. Ilipoisha nguvu, akagundua kwamba arosto, yaani mateso ya kukosa heroini, haikumjia. Mwaka 1985 alipata hataza ya Marekani juu ya matumizi hayo. Hataza ilikuwa na jina lake. Wenye Bwiti hawakuwamo.

Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha katika Nature Medicine habari za askari wastaafu 30 wa Marekani waliojeruhiwa ubongo, wakatibiwa Mexico kwa ibogaini pamoja na magnesi. Baada ya mwezi mmoja dalili za kiwewe zilikuwa zimepungua kwa wastani wa asilimia 88, na za sonona kwa asilimia 87. Hapakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo tusikimbilie hitimisho. Hata hivyo mwaka 2025 jimbo la Texas lilitenga dola milioni 50 kwa utafiti wa ibogaini.

4. Moyo na ini

Hapa nasema kama mtu wa famasia, na naomba vijana mnisikilize vizuri. Ibogaini huziba njia ya potasiamu katika misuli ya moyo, ile iitwayo hERG. Moyo huchelewa kujiandaa kwa pigo linalofuata, na mapigo yanaweza kuvurugika hadi mtu afe. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 ulikusanya vifo 19, nje ya Afrika ya Kati Magharibi, vilivyotokea kati ya 1990 na 2008 ndani ya siku chache baada ya kuitumia. Wengi wa waliokufa walikuwa na maradhi ya moyo au walichanganya dawa.

Pwani yetu ya Afrika Mashariki ina waraibu wa heroini, na tangu 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili inawatibu kwa methadoni. Methadoni nayo huchelewesha moyo kwa njia hiyohiyo. Mtu aliye kwenye methadoni akimeza ibogaini aliyoagiza mtandaoni anazikutanisha hatari mbili katika moyo mmoja. Asifanye hivyo, na asimsikilize anayemshawishi.

Liko na suala la ini. Ibogaini huvunjwa na kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP2D6. Barani Afrika wengi wetu tumerithi aina yake iitwayo *17, ambayo hufanya kazi polepole, hivyo dawa hukaa mwilini muda mrefu. Dozi iliyopimwa kwa askari wa Marekani haituambii dozi ya mtu wa Tanga au Mombasa. Utafiti wa dozi yetu hakuna atakayetufanyia.

5. Kulilipa deni

Gabon imeonyesha njia. Mwaka 2000 serikali yake iliitangaza iboga kuwa urithi wa taifa. Ilikuwa nchi ya kwanza kuridhia Itifaki ya Nagoya, inayotaka wenye rasilimali na elimu waridhie kabla na wagawiwe faida. Mwaka 2023 shehena ya kwanza ya iboga ilitoka nchini humo kwa masharti ya itifaki hiyo. Lakini ibogaini hutengenezwa pia kutokana na Voacanga africana, mti wa ukoo huohuo unaoota Afrika Magharibi hadi kwetu Afrika Mashariki. Mwenye kiwanda aweza kuukwepa msitu wa Gabon na bado akaitumia elimu ya Gabon. Marekani yenyewe haimo katika itifaki hiyo. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kinachodaiwa ni elimu, wala si gunia la mizizi.

Naiomba ndaki yetu mambo matatu. La kwanza, somo la dawa za maono lifundishwe kwa pamoja na wanafamasia na wanaanthropolojia, na mganga aingie darasani akiwa mwalimu mwenye malipo na jina lake katika ratiba. La pili, tuanze sasa kupima CYP2D6 na hali ya moyo kwa watu wetu, kabla hakujaja jaribio lolote kutoka nje. La tatu, kusiondoke jani, gome wala simulizi katika kijiji chochote bila mkataba ulioandikwa kwa lugha ya wenyewe, unaosema nani atapata nini endapo dawa itapatikana. Kenya tangu 2016 ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi. Sheria bila wataalamu wa kuisimamia hailindi mtu, na wataalamu hao ni kazi yetu kuwaandaa.

Malipo hayo si hisani ya kumalizia utafiti mwema. Ni sharti la utafiti kuwa mwema, na zaidi ya hapo ni sharti la kuwa sahihi. Mganga aliyedhulumiwa hatatwambia lini gome lisiongezwe, na sisi tusiojua hilo tutaua watu. Haki na usalama wa mgonjwa, katika jambo hili, vinapita mlango mmoja.