Rangi Isiyochuja



Wenzangu mnalikumbuka jina mlilonipa: "Wino". Nilipoingia kidato cha kwanza, marehemu baba aliuza gunia la ulezi akaninunulia sweta ya bluu kwa ajili ya baridi yetu ya Ufipa. Mvua ya kwanza iliponikuta, bluu yote ilihamia kwenye shati jeupe. Mlicheka, nami nikabaki na swali: kwa nini nguo moja huchuja na nyingine haichuji?

Jibu nililipata ukubwani, katika kazi. Kitambaa kikitoka kwenye mtambo wa kufumia huwa bado kina nta ya pamba na uchafu. Sharti kichemshwe na kupaushwe, ndipo kitiwe rangi. Baada ya hapo huoshwa tena na tena, mpaka rangi isiyoshika nyuzi iishe. Mwisho hunyooshwa na kukaushwa ili kisisinyae. Kiwanda kinachopunguza kuosha huokoa maji na kuni za kuchemshia. Hasara humwangukia mkulima wa ulezi.

Kwa mfano wa kazi hiyo, nawapeni kampuni ya Sunflag. Ilianzishwa na familia ya Bhardwaj huko Nairobi mwaka 1937. Mwaka 1965 familia hiyo ikafungua kiwanda Arusha, na Nigeria pia ikajenga. Kiwanda cha Arusha husokota nyuzi, hufuma, hutia rangi, humalizia kitambaa na kushona nguo. Faida yake ni kwamba rangi ikikataa kushika, kosa laweza kufuatwa nyuma hadi kwenye uzi, bila idara moja kumsukumia lawama mtu wa mbali. Viwanda vikubwa vya umma, kama Mwatex cha Mwanza na Kilitex cha Arusha, vililemewa katika miaka ya 1980 na 1990. Sisemi kuwa familia ni bora kuliko umma. Nasema kuwa ufundi hudumu pale tu mtu anapomrithisha mwingine.

Hapo ndipo moyo wangu unaponiuma. Wazee wetu wa Ufipa walikuwa wafumaji. Walitumia pamba, ambayo ilistawi katika bonde la Rukwa, wakafuma nguo kwa mikono yao. Nguo za viwandani kutoka ng'ambo zilipoingia kwa bei nafuu, vijana waliacha kujifunza, na wazee wakazikwa na ujuzi wao. Leo sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania husafirishwa nje kabla haijawa nguo, kisha sisi hununua nguo kutoka huko huko.

Wadogo zangu, kutia rangi ni kemia. Msiikimbie kwa kuwa ni ngumu. Nanyi wenzangu, kabla hatujatawanyika jioni hii, napendekeza tuchangie vifaa vya maabara ya kemia. Mimi naanza na mshahara wangu wa mwezi mmoja. Labda mmoja wa watoto hawa atatutengenezea sweta ambayo haitampa mtu jina la Wino.